Ukuta wa Soko Jipya: Rangi, Marumaru, Sanamu au Picha za Zamani?

Jengo la umma likikarabatiwa Dar es Salaam, iwe soko, standi, zahanati au ofisi ya kata, hubaki ukuta mmoja mpana wa rangi ya krimu wenye mstari wa bluu chini. Mwaka wa kwanza unapendeza. Baadaye unakuwa mali ya matangazo ya waganga, ya walimu wa tuisheni, na ya yule anayeandika "usikojoe hapa" mahali ambapo watu wameshakojoa. Siku hizi kamati nyingi zinataka kitu kingine pale: sanaa inayosimulia historia ya mahali penyewe. Wazo zuri. Shida huanza kikaoni, mjumbe mmoja akisema tuweke sanamu, mwingine akisema kuna kijana hapa mtaani anachora, na mhandisi akiuliza hela inatoka fungu gani.

Ninalinganisha njia tano ambazo kamati ya soko au serikali ya mtaa inaweza kuzimudu, au kushawishiwa kuzinunua: sanamu, mchoro wa rangi, mozaiki ya vipande vya marumaru, picha za zamani na mbao za kuchonga. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani. Sanaa ya jengo la umma hapa kwetu huuawa na ukarabati unaofuata kuliko inavyouawa na masika. Ziara ya kiongozi ikitangazwa Jumatatu, kufika Ijumaa rola limeshapita na krimu imefunika kila kitu. Kabla ya kuuliza kipi kinapendeza, ulizeni kipi kitakuwapo mtendaji wa sasa akishahamishwa.

Kabla ya kumwita msanii amueni hadithi yenyewe, na katika jiji hili hakuna haja ya kuitafuta mbali. Feri wana wavuvi wa Mzizima, kijiji kilichokuwapo kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860, na wana mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa 1947. Kariakoo wana wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wana ofisi ya TAA, chama kilichotangulia TANU, na kuzaliwa kwa TANU yenyewe tarehe 7 Julai 1954. Magomeni wana nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere, ambayo sasa ni makumbusho. Kurasini wana wapigania uhuru wa Msumbiji. FRELIMO, chama chao, iliundwa katika jiji hili Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaweka makao yake hapa mwaka uliofuata. Msasani wana mchoraji Tingatinga. Hadithi ikishajulikana, nusu ya uamuzi wa njia imeshafanyika, kwa sababu kuna hadithi za mtu mmoja na kuna hadithi za watu elfu.

Sanamu, kwa kuwa ndiyo hutajwa kwanza

Historia ya sanamu katika jiji hili inatosha kumfanya mjumbe yeyote asite kidogo kabla ya kunyoosha mkono. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha hapa sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Yeye yuko juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama. Waingereza walipoutwaa mji waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza wakaweka ya kwao pale Posta, kwenye mzunguko wa Samora: Askari wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Huyu amebaki hadi leo. Ameponea kwa sababu hana jina la mtu, na kila utawala uliofuata umeweza kumsoma unavyotaka.

Itazameni kazi hiyo kama mnunuzi anayekagua mali. Ni shaba ya kusubiwa Uingereza, kwa hiyo imedumu karibu karne nzima katika upepo wa chumvi. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini mpagazi mwenyewe umbo lake halipo pale juu. Nairobi, kwenye sanamu ya aina hiyohiyo, mpagazi amesimama pamoja na askari. Kwetu hakupandishwa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na kambi yao ndiyo iliyoliachia soko letu kubwa jina lake. Jukwaa la sanamu lina nafasi ya mmoja au wawili, na anayepandishwa pale ni mwenye bunduki au mwenye cheo.

Kwa bajeti ya mtaa, shaba ya namna hiyo haizungumziki. Mtakacholetewa kama mbadala ni saruji juu ya nondo au faibaglasi iliyopakwa rangi ya dhahabu. Saruji nyembamba karibu na bahari hupasuka kwa sababu chumvi huifikia nondo, nondo hufura kwa kutu, na kidole cha kwanza hukatika. Faibaglasi hupauka na kuota ufa. Halafu kuna suala la sura. Mkimchonga kiongozi na pua ikakosewa, jiji zima litacheka kabla ya jioni, na picha itakuwa kwenye simu za watu miaka yote mtakayokuwa madarakani.

Sanamu moja naitetea: ya vyuma chakavu. Dar ina mafundi wazuri wa kazi hiyo; Wonder Workshop, karakana ya mafundi wenye ulemavu, wamejulikana kwa kuunganisha minyororo ya baiskeli, springi na vipuri vya magari vikawa wanyama na watu. Mvuvi wa chuma mbele ya soko la samaki, au kuli aliyebeba gunia, anaeleweka mara moja na hakuna anayempima pua. Chuma kipigwe praima ya kuzuia kutu kabla ya rangi, na miguu yake ichomelewe kwenye nondo zilizomwagiwa zege. Msipofanya hivyo ataondoka usiku, kilo kwa kilo, kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Rangi na marumaru

Hapa ndipo ushindani wa kweli ulipo, kwa kuwa zote mbili zinafaa ukuta mpana, zote zinaweza kubeba umati, na zote zina mafundi hapahapa mjini.

Rangi ina haraka na ina watu. Jiji limejaa mikono inayojua kuchora: waliochora vinyozi na misuko kwenye milango ya saluni, walioandika maneno nyuma ya daladala, wanafunzi wa sanaa, na wachoraji wa Oysterbay wanaoendeleza mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Yeye alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na alipopigwa risasi na polisi mwaka 1972 alikuwa ameshaacha wanafunzi wa kuendeleza kazi. Mtindo ule, wenye rangi tupu zisizochanganywa sana na umbo lililokolezwa ukingoni, ni kama umetengenezwa kwa ajili ya kuta za barabarani. Abiria wa mwendokasi ana sekunde chache tu za kutazama. Mchoro wenye vivuli laini na sura ndogondogo ishirini hatauona. Twiga mmoja na ngalawa moja kubwa atawaona.

Rangi pia ndiyo inayoweza sura ya mtu. Mkitaka Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wetu, atambulike na bibi anayepita na kapu lake, mtafuteni mchoraji.

Sasa mabaya yake. Plasta mpya ya saruji ina ukali unaokula mafuta ya rangi, kwa hiyo ukuta uliopigwa plasta wiki iliyopita haupakwi rangi ya mafuta leo. Uachwe kama mwezi mzima, upigwe praima inayohimili ukali huo, ndipo msanii aingie. Wakandarasi hawapendi kusikia habari hiyo kwa sababu tarehe ya makabidhiano imeshapangwa. Ukuta unaonyonya maji kutoka chini utatoa chumvi nyeupe, na chumvi hiyo husukuma rangi ikabanduka kama ngozi ya aliyeungua. Ukuta unaotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima, na nyekundu na njano za bei rahisi hupauka kwanza. Kanga nyekundu inageuka pinki, bendera inakosa njano yake. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje ya nyumba inavumilia kuliko ya mafuta, ila bado inahitaji mtu wa kuigusia baada ya misimu kadhaa ya mvua. Mtu huyo ni nani? Kama hamna jibu lenye jina, rangi si yenu.

Marumaru hazina haja ya mtu huyo. Kigae kilichochomwa kiwandani hakipauki, uso wake haunyonyi maji, na kinaoshwa kwa mpira wa maji na sabuni ya unga. Hakuna mtendaji atakayepitisha rola juu yake, kwani hata rangi yenyewe haitashika vizuri. Watu wa Dar hawahitaji kufundishwa njia hii: nyumba ngapi Temeke na Buguruni zina baraza lililotandazwa vipande vya rangi mbalimbali, mabaki ya duka au ya nyumba ya mtu mwingine? Malighafi inapatikana kwa wauza marumaru kwa bei ya kutupa, maana iliyokatika pembe haiuziki. Fundi anayejua kuweka marumaru chooni anaweza kuweka mozaiki akipewa mchoro wa ukubwa halisi kwenye karatasi na msanii wa kumsimamia.

Kazi ni ya polepole, na siku zote hizo fundi analipwa. Ukipima gharama ya siku ya kwanza, rangi inashinda kwa mbali. Ukipima pamoja na kuchora upya mara mbili au tatu, au pamoja na hasara ya kazi nzima kufunikwa, hesabu inageuka.

Udhaifu wa marumaru ni sura na maandishi madogo. Uso wa mtu unahitaji vipande vidogo sana na jicho la msanii hodari. Fundi wa kawaida atawapa mtu anayefanana na kila mtu. Ndiyo maana hadithi ya watu elfu inazikaa vizuri. Mwaka 1955, Bibi Titi alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar katika TANU, alipitia vikundi vyao vya ngoma, akazungumza na viongozi wake, nao wakaja na watu wao. Hebu fikirini ukuta wa mita kumi: wanawake mstari mzima, nyuso hazina maelezo, lakini kila mmoja na kanga yake, pindo, mji na yote, kwa vipande vya marumaru. Mchoro wa kanga ni maumbo yanayojirudia, na kurudiarudia ndiyo kazi ambayo kigae kinaifanya vizuri kuliko brashi. Mtaa mzima unaweza kushiriki, kila familia ikaleta kisahani kilichovunjika. Watoto wapewe vipande vilivyosuguliwa makali.

Kabla ya kubandika, gongeni plasta kwa kifundo cha kidole. Inapolia debe ivunjwe na ipigwe upya, la sivyo ukuta utaangusha mozaiki kipande kizima, na kigae kikimwangukia mtu si jambo la kuchekesha.

Picha za zamani

Hii ndiyo njia inayobeba ukweli mwingi kwa nafasi ndogo. Mchoro unaweza kubishaniwa. Picha ya mtaa wenu ya mwaka 1958, yenye jina la duka na baiskeli zimeegeshwa nje, haina mjadala. Mahali pa kuzitafuta ni Idara ya Habari MAELEZO, Nyaraka za Taifa, Makumbusho ya Taifa, na makabati ya familia zilizokaa mtaani tangu zamani. Hazina ya familia ndiyo tamu zaidi: arusi, timu za mtaa, bendi za dansi, mama na kibanda chake cha samaki.

Boma la Kale, pale Sokoine mbele ya bandari, ni mfano mzuri. Ni moja ya majengo ya mwanzo kabisa ya mji huu, la zama za Sultani Majid, na baada ya ukarabati lilifunguliwa mwaka 2017 kama kituo cha urithi wa usanifu majengo, chenye maonesho ya jinsi mji ulivyokua. Pale inafaa kwa sababu anayeingia amekuja kutazama. Ukichukua paneli zilezile ukazibandika standi ya daladala, hakuna atakayesoma mstari wa pili.

Kwa hiyo picha ziende penye foleni: benchi za zahanati, dirisha la malipo, korido ya ofisi ya kata ambako mtu anasubiri barua ya utambulisho asubuhi nzima. Maelezo yawe mistari miwili kwa herufi kubwa, na majina ya watu yawepo. Stika za kubandika ukutani achaneni nazo. Zinajikunja pembe na kupauka. Chapeni kwenye alukobondi, yale mabamba ya alumini ya mabango, na iwekwe kivulini. Kabla ya kuchapa kwa gharama kubwa, toeni nakala za karatasi mzitundike palepale kwa majuma kadhaa pamoja na kalamu. Wazee watawasahihisha bure. Yule mliyemwandika kuwa mwenyekiti wa kwanza atageuka kuwa shemeji yake.

Mbao za kuchonga ni za ndani tu, na hapo sina mengi. Nguzo ya mpingo ya mtindo wa ujamaa, watu wamepandana kwenye gogo moja, ni kazi ambayo Wamakonde wa Mwenge wanaijua, na kwenye ukumbi au maktaba haina mpinzani. Lakini magogo ya mpingo ni membamba na ni ghali. Paneli pana ichongwe kwenye mninga au mvule, isiguse ukuta wenye unyevu, na mtu awe anaangalia mchwa.

Jengo gani, njia gani

Soko la samaki au la mboga: marumaru, bila kusita, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayoegemewa, inayomwagikiwa na kuoshwa kila siku. Juu yake rangi inaweza kuendelea. Standi na vituo vya mabasi wachore umbo kubwa kwa rangi, au waweke sanamu ya chuma chakavu ambayo watu wataifanya alama ya kukutania. Shule ya msingi ichukue rangi hata kama haitadumu. Kila kizazi cha darasa la saba kikichora upya kipande chake, kupauka kunakuwa sehemu ya mpango. Zahanati na ofisi, picha.

Kariakoo ni kesi ya peke yake. Soko lile lililoungua Julai 2021, kisha likakarabatiwa na kujengewa jengo jipya pembeni, ni kazi ya Beda Amuli, msanifu wetu wa miaka ya 1970. Nguzo zake za zege zinazofunguka juu kama miti ya kivuli zinatosha kuwa sanaa ya mahali pale, na mtu asizipake hata tone. Nafasi ya wapagazi iko kwenye jengo jipya na kwenye njia za watembea kwa miguu kuelekea humo. Mimi ningewaweka mstari mrefu wa marumaru usawa wa kiuno, mizigo kichwani, wakizunguka jengo zima, ili kuli wa leo anayepita na gunia apite sambamba nao.

Majengo ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa nayo yana sheria zake. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiufunga kwa saruji na rangi ya mafuta unaoza kwa ndani. Na kama jengo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kibali kitangulie brashi. Humo tumieni paneli zinazosimama zenyewe bila kugusa ukuta.

Kwenye makaratasi

Fungu la sanaa liingie kwenye makadirio ya ukarabati tangu mwanzo. Likija mwishoni, plasta imeshapigwa, mirunda imeshashushwa, na mtalipia jukwaa mara ya pili. Msanii akutane na mhandisi kabla ya lipu, si kwenye uzinduzi.

Mkataba useme mambo ambayo kwa kawaida yanaachwa hewani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kulipia mchoro hakuwapi haki ya kuuchapa kwenye kalenda na fulana. Hilo liandikwe na lilipiwe kama mnalitaka. Andikeni pia nani anaruhusiwa kuufanyia marekebisho, na kwamba haufunikwi bila msanii kuarifiwa na mkutano mkuu wa mtaa kukubali. Picha ya mtu binafsi ipate ridhaa ya familia yake kwa maandishi.

Na jina la msanii liwe ukutani, kwa ukubwa usiopungua jina la aliyezindua. Kwa kazi ya marumaru, mabaki ya kila rangi yafungwe kwenye maboksi yaliyoandikwa, pamoja na ile karatasi ya mchoro wa ukubwa halisi, yakabidhiwe stoo ya soko kwa saini. Kiwanda kitabadilisha rangi zake, na mwakani lori likirudi nyuma likagonga kona ya ukuta, fundi atahitaji kipande cha bluu ileile.